Titani Yenu Imeniharibia Posa

Ngagara, Kartiye ya 6
Bujumbura

Kwa Mwalimu Audace, mfundishaji wa kemia,

Salamu kwako Mwalimu, na kwa chupa zako zote. Mimi ni Népomuscène. Kwa miaka ishirini na miwili nimepanga viti na kuongoza maneno katika posa za Ngagara, wala sijawahi kulalamikiwa. Leo nalalamika mimi, kwa heshima zote.

1. Ulimfundisha mpwa wangu Joëlla kwamba viti vya plastiki hupatikana kwa kazi ya kichocheo kiitwacho kloridi ya titani. Akanieleza: titani hushika chembe za propilini moja moja, huziunga mnyororo, na vitawi vyake vyote huvielekeza upande mmoja. Vikielekea huku na huku hupati kiti, unapata ulimbo. Nilifurahi mno. Nikasema, kumbe nina mwenzangu wa kazi!

2. Jumamosi ilikuwa posa ya Joëlla mwenyewe, iliyokwisha kuvunjika mara mbili. Desturi unaijua: familia mbili hukaa zikitazamana. Mimi, kwa somo lako, nikavielekeza viti vyote sitini kwenye mlango wa nyumba, sisi mbele, wageni wa Gatumba nyuma. Mzee Cirimwami, baba mdogo wa Murhula anayeposa, akasimama: «Apana! Mi siko mutu wa kuongea na visogo!» Akachukua kofia, wakaondoka wote.

3. Familia imenivua uongozi na kumpa Jovithe, ambaye hata kuku wake hawamsikii. Hili limeniuma. Nililia, sikufichi.

4. Nasikia titani hupanga chembe maelfu kwa maelfu, na ikimaliza haijapungua. Mimi nimepanga watu sitini tu na nimekonda. Mbona hamkutuonya?

5. Nasikia pia titani hiyo ikiguswa na maji hufuka moshi na kuacha kazi. Mimi dada yangu Odette, mama wa Joëlla, alinimwagia pombe ya ndizi kwa hasira, nikaendelea kupanga viti. Basi nani kichocheo bora?

Kwa hiyo naomba titani iondolewe masomoni. Ikishindikana, imwandikie Mzee Cirimwami barua ya kuomba radhi, nawe uitilie sahihi, maana yenyewe haina mkono.

Nisalimie mkeo, wanafunzi wote, na mlinzi wa maabara.

Wako mwenye majonzi na adabu,
Népomuscène

N.B. Nilikwisha kufunga bahasha, Mzee Cirimwami akabisha hodi. Anasema zile mara mbili za kutazamana waliishia kununiana. Jumamosi, yeye alipokuwa anavaa kofia aondoke, Joëlla alitoka mlangoni akilia, na kwa kuwa macho yote yalielekea huko, naye alimwona. Tangu hapo hana raha. Amekubali ndoa, ila anataka viti vipangwe vilevile, na nivipange mimi. Jovithe amerudi kwa kuku wake.

Basi titani ibaki masomoni. Na kiti cha kwanza mbele, Mwalimu, ni chako. Wewe ndiye uliyetupanga, nasi hatukukualika.