Mtungi wa Kupoza Giaboksi

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Mathayo, huna haya! Fundi mzima, ndevu kidevuni, unafungua boneti ya gari la marehemu mume wangu, unaguna, halafu unaniambia nikaliuze kwa wanunua vyuma chakavu! Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja wake. Akanijibu Bibi, tulia. Sijatulia tangu nizaliwe Mahurunga, nianze leo?

Gari lenyewe la mbio. Jekundu, milango miwili, taa zinafumbuka kama macho. Moja haifumbuki. Basi? Hata mimi jicho la kushoto lina ukungu, na umbea wote wa mtaa wetu wa Chuno nauona. Ila gia zake zinajibadili zenyewe, na likienda polepole mafuta ya giaboksi yanachemka. Pasaka lilimbeba bibi harusi wa watu, nyuma ya matarumbeta, mwendo wa kinyonga. Kanisa hatujaliona, moshi huo! Bibi harusi akahamishiwa kwa Athumani, jirani na mtani wangu, mwenye gari la saluni, jeupe, lisilo na hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa kukohoa.

Sasa Jumamosi anaolewa Sabina, mjukuu wangu. Nilimwahidi tangu ana miaka sita: utakwenda kanisani ndani ya gari la babu yako. Filipo, baba yake, ndiye mwenyekiti wa kamati. Ametangaza gari lijaribiwe Alhamisi. Likifuka tu, Sabina anapanda la Athumani. Na huyo Filipo nimemzaa mimi!

Jumanne, 5 Agosti

Mathayo kapiga magoti chini ya gari, kaibuka na orodha. Krosi ya propela shafti, chuma kirefu cha kuzungusha magurudumu, imekufa. Difu ya ekseli ya nyuma inalia. Halafu inatakiwa rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya gia, nayo iko Dar, na kwa barabara ile itafika Sabina ana watoto wawili.

Nikamwambia anieleze hiyo rejeta taratibu, mimi nimeishia darasa la tatu. Akasema mafuta ya moto yanaingia kwenye mrija, mrija unapozwa, mafuta yanarudi yamepoa.

Nilicheka mpaka khanga ikadondoka. Kumbe giaboksi ni mtambo wa gongo tu! Mabibo ya mikorosho yanachemka, mvuke unapita kwenye mrija wa shaba, mrija unapita kwenye maji, kinachotoka ni baridi. Hayo nimeyafanya miaka thelathini. Niliacha zamani sana. Tangu Februari.

Mrija uko chini ya kitanda changu. Dar waikalie rejeta yao!

Jumatano, 6 Agosti

Kazi, kazi, kazi. Difu na propela shafti tumevitoa kwenye pikapu iliyokufa nyuma ya gereji. Shafti ndefu kupita kiasi, ikakatwa, ikachomelewa. Mathayo analalamika kwamba difu ya pikapu itaua mbio za gari. Nikamuuliza nani anakimbia na bibi harusi, ameiba?

Mrija unataka maji, na chini ya boneti hakuna nafasi hata ya yai. Nikatoa wazo. Mtungi wa maji, mrija ndani yake, ukae kiti cha mbele, kando ya dereva! Mipira miwili itoboe sakafu, mmoja ulete mafuta, mmoja uyarudishe. Mathayo akashika kichwa. Nikamwambia akiachie, ashike drili.

Mtungi wangu wa kupozea una ufa, kwa hiyo nimetumia ule mwingine wa udongo, wa kupokelea gongo. Nimeusuuza. Mara moja, lakini kwa nguvu.

Tumeufunga na mkanda wa kiti. Umekaa pale kama ofisa wa bandari.

Alhamisi, 7 Agosti

Oyooo! Andika kwa herufi kubwa: HALIKUFUKA!

Filipo katangulia kwa miguu kama ndiye matarumbeta, uso umemvimba, sisi nyuma yake polepole. Tumezunguka Chuno mara tatu. Jua la asubuhi, maji mapya mtungini. Hata uzi wa moshi! Difu ya pikapu inavuta mchangani kama trekta. Linatetemeka kidogo. Mathayo anasema shafti haijasawazishwa. Nikamwambia gari linacheza ngoma, limefurahi.

Athumani alikuwa kibarazani. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama hilo gari linaendeshwa au linapikwa. Nikamjibu aendelee kusugua saluni yake, itabeba masufuria ya pilau. Mkewe alicheka! Nimemsikia kwa masikio yangu!

Filipo amekubali kwa kunong'ona. Nikamtaka arudie kwa sauti. Akarudia.

Mathayo anasema siku yenyewe tubadilishe maji njiani, safari itakuwa ndefu na jua kali. Maji ni maji. Hayabadilishwi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mathayo alitaka ruhusa akaone maonyesho ya Nane Nane. Mbuzi wa maonyesho wana pembe mbili kama wa hapa. Nimemnyima. Amekaza nati zote, kisha amepamba gari kwa riboni na maua, madirisha ya mbele yote mawili yamezibwa, halifunguki hata moja. Linapendeza mno! Mtungi nimeuvika kitambaa cha fuma cha kochi. Mtu akichungulia atadhani keki.

Jioni Sabina akaja. Akakiinua kitambaa, akaniangalia kama anavyowaangalia wanafunzi wake. Akauliza kwa upole tu: Bibi, tutafika? Nikamwambia tutaruka. Akasema hataki kuruka, anataka kufika. Baba yake amemsihi apande la Athumani na yeye amekataa. Amesema anapanda la Bibi.

Nikamfukuza akalale. Kamasi zilinijia ghafla, vumbi la Agosti baya.

Jumamosi, 9 Agosti

Bado nacheka, nisameheni mwandiko.

Saa nne tumetoka. Mathayo na suti kwenye usukani, mtungi pembeni yake, mimi na Sabina nyuma. Mbele yetu matarumbeta juu ya pikapu. Jua! Lori la miwa limekwama njiani, msafara umesimama, umekwenda, umesimama. Mtungi ukaanza kunong'ona. Halafu kuimba. Halafu harufu.

Mama yangu! Naijua harufu ile kama jina langu. Udongo ule ulikunywa miaka thelathini, leo umepata moto, umeamua kurudisha yote! Mvuke umejaa, madirisha yamezibwa na maua yetu. Mathayo machozi yanamtoka. Sabina akaanza kucheka. Mimi nikafuata. Tumecheka mpaka shela limekaa upande.

Njia panda kuna trafiki. Akampigia saluti bibi harusi, saluti ikaganda, pua ikainuka. Akafungua mlango. Akaondoa kitambaa. Mtungi unafuka, mrija wa shaba umejiviringa ndani. Akauliza ni nini hiki. Nikamwambia, afande, hiyo ni giaboksi. Akasema yeye amezaliwa hapa hapa Mtwara, na bibi yake alikuwa na giaboksi kama hiyo.

Akaamuru mtungi ushushwe, ni ushahidi. Mathayo akalia kwamba mipira ikichomolewa mafuta yatamwagika. Ikachomolewa. Yakamwagika, mekundu, barabara nzima. Gari kimya. Na kanisa lile pale, tunaliona!

Nani akatokea? Athumani, na saluni, mlango ameshaufungua. Filipo mbio nyuma yake anapunga mikono. Nikajua imekwisha. Nikamwambia Sabina ashuke, mwanangu, nimekukosea. Nimelisema hilo neno mara moja maishani na wala sitalirudia.

Sabina akatoa kichwa mlangoni. Akasema, Babu Athumani, kama una nguvu njoo usukume!

Wapiga matarumbeta wakaruka chini. Mmoja akabaki na ngoma, wengine wakashika gari. Filipo akashika. Trafiki akasimamisha magari mengine yote. Athumani akatazama saluni yake, akatazama watu wanavyoshangilia, akashika na yeye, na kanzu yake nyeupe! Tumeingia uwanja wa kanisa tunasukumwa kama wafalme.

Padre akatunusa, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Innocent, bwana harusi, akapiga chafya mbili na kusema ndiyo kabla hajaulizwa.

Jumapili, 10 Agosti

Filipo amekuja asubuhi na maneno. Gari liuzwe. Nimtake radhi Athumani, kanzu imeharibika. Jumatatu saa tatu nifike kituo cha polisi kumweleza mkuu wao habari za mtungi. Nimemuuliza kama mwanae alifika kanisani au hakufika. Basi!

Nimewaza ibada nzima, mahubiri sikuyasikia. Kosa sikulifanya mimi. Maji yalikuwa machache tu. Glory, mdogo wake Sabina, ameshaposwa, harusi ni Desemba. Dada yangu Mahurunga ana pipa zima. Limelowekewa mabibo misimu kumi, halivuji hata tone. Lisimame ndani ya gari, kichwa nje ya paa, lipigwe na upepo.

Mathayo, kesho saa moja uwe hapa na msumeno wa chuma. Tunakata paa kabla sijaenda polisi.