Pasi, Mashine ya Kunyolea na Posa ya Shomari

Leo nimeadhirika. Nawaandikia mwenyewe kabla mke wangu hajafika Kibaha akawasimulia kwa mikono na macho.

Wengi humu kundini mnalijua gari langu. Ile Kosta chakavu niliyoing'oa viti, nikatia kitanda, kabati na jiko la gesi. Shule niliacha darasa la tatu, nikauza mkaa, na leo nina nyumba Tumbi, shamba Marui, na nyumba nyingine ya magurudumu inayonipeleka huko shambani. (Wasomi mliomo humu, nanyi hesabuni zenu.)

Fundi aliyenifungia inveta, kile kidude kinachogeuza umeme wa betri ya gari ukawa kama wa nyumbani, aliniambia wazi.

"Mzee, hii ni ya simu, taa na mashine ya kunyolea. Pasi usichomeke. Birika la umeme usichomeke."

"Na televisheni je?"

"Televisheni hiyo itawaka."

Hapo nikamwona hajui kitu. Televisheni ni kubwa kuliko pasi, kila mwenye macho anaona. Mimi nimefuga. Kama pumba zinamtosha ng'ombe, kuku zitamshindaje? Nikampa mkono, akaenda zake.

Sasa leo. Tulikuwa tunapeleka posa Chole, hii ya huku Kisarawe. Shomari, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu anatambaa, amempenda binti wa huko. Mshenga ni mimi. Kazi ilikuwa ngumu, maana Shomari aliwahi kuposa kwingine akaacha njiani, na habari ilishafika Chole. Mjomba wa binti, Maalim Pazi, anafundisha madrasa, si mtu wa mchezo. Alishatuma neno: aje mtu mzima atuthibitishie kwamba nyinyi ni watu wa kumaliza jambo, basi.

Juzi Shomari aliniambia, "Mjomba, wakikataa hii sina uso wa kurudi kule Chole."

Nikamwambia alale usingizi.

Jana tulilala Marui ndani ya Kosta, mimi na mke wangu, Mama Rehema. Asubuhi nikachomeka mashine kwenye inveta, nikakaa mbele ya kioo. Siku ya shughuli napenda kichwa king'ae. Upande wa kulia ukaisha safi. Nageuka nianze wa kushoto, macho yakaangukia kanzu yangu. Imejikunja kama imetoka mdomoni mwa ng'ombe.

"Mama Rehema, pasi iko wapi?"

"Ipo kabatini. Lakini fundi alisemaje?"

"Fundi alisema yake."

Nikaichomeka pasi, mashine bado naiendesha kichwani kwa mkono wa pili. Inveta ikalia tii, tii. Nikadhani inakubali kazi. Kisha ikanyamaza, harufu ya plastiki ikajaa gari zima. Pasi baridi. Mashine ikafa ikiwa imeng'ang'ania nywele, ikaninyofoa.

Nikatazama kioo. Kulia mzee wa heshima. Kushoto shamba ambalo halijapaliliwa. (Nywele zangu bado ni nyingi, namshukuru Mungu, ila leo ningefurahi kutokuwa nazo.)

"Tusimame dukani tununue wembe," mke wangu akasema. "Nitakumalizia mara moja."

"Tumechelewa. Navaa kofia."

"Baba Rehema."

"Nani atamvua kofia mtu mzima?"

Hakunijibu. Mke akiacha kukujibu, ujue ameshaona mbele. Gari nalo likawaka vizuri. Bora lingegoma.

Chole walitupokea kwa heshima. Mikeka imetandikwa, wazee upande mmoja, kina mama mlangoni. Nikapewa nafasi ya kusema, na mimi kusema najua. Nikamkabidhi Maalim Pazi posa, nikamwambia, "Sisi hatuachi jambo nusu. Ukituona tumeanza, ujue tutamaliza." Nikamwona analainika. Mama Rehema alikuwa anatazama mkeka.

Hapo bibi wa binti, Bi Tatu, akainuka. Mnajua bibi wa mwali na wageni wa posa, ni utani mpaka wageni watoke jasho. Nilijitayarisha.

"Huyu mume mrefu namtaka mimi," akasema. "Mjukuu wangu atangoja."

"Bibi, mwenye mume yuko pale mlangoni."

"Huyo nitamweza. Wewe nipe rehani usinikimbie."

Akanivua kofia.

Bi Tatu akanizunguka taratibu. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Jamani, nimeomba mume mmoja, wameniletea wawili. Huku mzee, huku kijana."

Kina mama wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akadakia, "Na ndio hao wasioacha jambo nusu." Mimi nimeweka mkono kichwani, sijui nifunike upande upi.

Maalim Pazi hakucheka. Hicho ndicho kinachoniuma hadi sasa.

"Mzee mwenzangu," akasema, "watoto wa madrasa wakija na kiduku nawarudisha kwao. Dini haipendi kunyoa huku na kuacha huku. Kesho nitamrudisha mtoto gani, na mshenga niliyempokea ndiye huyu?"

Nikaeleza. Inveta, pasi, kuku na ng'ombe. Kila nikieleza nazidi kuzama.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Fundi alikukataza?"

"Alinikataza."

"Na wembe madukani haukuwepo?"

"Ulikuwepo."

Akaniambia ahsante. (Angenitukana ningepumua.)

Maalim akanirudishia posa kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Kijana hatujamkataa. Lakini tulitaka kuthibitishiwa jambo moja tu, na kichwa chako kimetujibu. Leteni mtu mwingine."

Wakatulisha wali. Nikala, mgeni atafanyaje. Kisha Mama Rehema akaazima wembe kwa Bi Tatu, akanimalizia uani mchana kweupe, kina mama wa Chole wakisimamia: "Hapo nyuma ya sikio bado."

Njia nzima Shomari alikuwa ananipigia, simu imezima, kwa sababu cha kuichajia kimeungua. Nimeiwasha hapa Kisarawe mjini, dukani kwa watu. Ikalia papo hapo.

"Mjomba, wamesemaje?"

Nikamwambia yote.

"Yaani kwa sababu ya pasi?"

"Si pasi, mwanangu. Ni mimi."

"Sasa ataenda nani?"

"Baba yako mdogo."

"Yule hajui kuongea, mjomba."

"Hajui. Lakini ana upara."

Hakucheka. Siku nyingine angecheka. Akasema haya mjomba, safari njema, akakata.

Basi nyinyi chekeni, nimestahili. Ila Shomari akipita hapo kijiweni, nawaomba mnyamaze. Yeye hakuchomeka pasi.