Boki Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua siri ya besiboli! Si nguvu, ni ujanja. Mkimbiaji wa wapinzani akiwa kituo cha kwanza, mimi mrushaji najifanya namrushia mwenzangu wa pale, lakini mpira siuachii. Mkimbiaji atababaika! Ijumaa kocha, ambaye ndiye msimamizi wetu hapa kwenye kiwanda cha mikate, atachagua nani arushe dhidi ya timu ya madobi: mimi au Bwana Keki, yule mpambaji wa keki anayejiona. Nikikosa nafasi hiyo nitaumia kweli. Nimeshamwambia mke wangu aje na dada zake wote.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Refa ni mama mkwe. Nikajua atanistahi, mkwe ni mkwe. Nikakanyaga kibao cha mrushaji, pale anaposimama kurusha, nikajifanya narusha. "Boki!" Uwanja mzima ukageuka. Akanieleza kwa upole kwamba boki ni kosa la mrushaji: mguu ukiwa kibaoni, ni marufuku kumtishia mkimbiaji wa kituo cha kwanza kwa rusho la uongo. Ukianza, maliza. Ukitaka kujifanya, shuka kwanza, kwa nyuma. Vinginevyo mkimbiaji anapewa kituo kimoja bure. Bwana Keki alicheka hadi akakalia glavu yake. Lakini yule mama! Analiona goti langu, bega langu na mkimbiaji, vyote kwa pamoja. Namvulia kofia.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nimempelekea mkate wa moto. Mkono mtupu haulambwi. Kala, kasifu, kasema umeumuka vizuri, mwanangu, asante. Jioni, mazoezini. Sheria inataka mrushaji atulie kabisa kabla ya kurusha. Nikatulia. Bega likacheza kidogo tu. "Boki!" Nikasingizia nzi. Akasema nzi hajakatazwa, bega ndilo limekatazwa. Kashiba mkate wangu na hajapepesa macho! Sijawahi kuona haki iliyonyooka namna hii, nikajikuta nampigia makofi. Kocha kanichagua hivyo hivyo, kwa sababu mipira ya Bwana Keki haimfikii mpigaji.

Jumamosi, 9 Machi
Mechi. Mzunguko wa mwisho, tuko sare. Dobi mkuu yuko kituo cha tatu, kimebaki cha nyumbani tu wapate pointi. Nimetulia vizuri, Mungu ni shahidi. Nikaanza kurusha, jicho likamwona Bwana Keki anapasha misuli pembeni. Achukue nafasi yangu? Nikasita, mkono hewani.
"Boki!"
Dobi hakukimbia hata. Alitembea hadi nyumbani akipunga mkono. Tumefungwa. Shemeji zangu walikuwa wamesimama wote ili waone vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amekuja kunifariji. Kasema hajawahi kumwamulia mtu mwenye mkono mzuri kama wangu, hila tu ndizo zinaniponza. Nusura nilie. Mwamuzi gani huyu, anakuumiza na bado unampenda! Kasema sheria yote ya boki ni moja: usimhadae mkimbiaji. Nimeelewa. Nimemwahidi, mke wangu akisikia, kwamba mkono wangu hautadanganya tena.
Na hautadanganya! Mechi ijayo mpira ataficha mwenzangu wa kituo cha kwanza, ndani ya glavu. Mimi nitakanyaga kibao mikono mitupu, nimetulia kama gogo. Mkimbiaji akichomoka tu, anaguswa kwa mpira, yuko nje. Boki itatoka wapi, na mpira sina?
Nimemdokezea mama mkwe wakati namsindikiza. Kasema hiyo nayo ni boki, tena ina kifungu chake. Anapenda utani sana yule mama.