Sahani na Siku za Msiba

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Leo naanza shajara hii, na ninaapa kuandika kila kitu kama kilivyotokea, hata yale yatakayonitia aibu. Mwalimu wetu wa lugha anasema shajara isiyo na aibu ni ratiba tu.

Hali ya nyumbani ni hii. Mama alitangulia nikiwa sijajua kusema, nikalelewa na Bibi na Shangazi. Sasa Bibi anaumwa moyo. Daktari alimnong'oneza Shangazi kwamba siku si nyingi. Bibi alisikia. Bibi husikia kila kitu isipokuwa akiambiwa ameze dawa. Anachotaka ni kimoja tu: Baba, mwanawe wa mwisho, aje akae kando ya kitanda chake. Lakini Baba anachomelea mabomba kwenye mradi wa bwawa, mwendo wa siku mbili kwa basi, na msimamizi wake hatoi ruhusa kwa sababu ya mzazi mgonjwa. Hutoa kwa kifo peke yake.

Nimepata mpango! Baba asipoweza kuja, uso wake utakuja. Kompyuta yetu haiiwezi kazi hiyo. Ni nzee, nzito kama tofali, inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukiiwasha huomba kusasishwa, ukikubali huzimika. Paka huipenda kwa joto lake. Na sisi hatuna makuu: kuandika, barua pepe, kuonana na Baba. Fundi wa kompyuta pale kwenye kona anayo ndogo, nyepesi, isiyo na mambo mengi. Yuko tayari tubadilishane, maana yetu ataifungua atoe vipuri.

Kikwazo ni Shangazi. Kila alasiri hucheza karata kwenye ile nzee. Amesema nikiigusa nitamtambua yeye ni nani.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimeibeba Shangazi akiwa dukani. Mabega yananiuma mpaka sasa.

Mpya ni nyembamba! Inawaka kabla hujakaa vizuri. Fundi alinieleza kuwa haiweki kitu tumboni mwake. Kila unachoandika hupanda mtandaoni chenyewe. Akaomba anwani ya barua pepe. Nikampa ile ya ukoo. Baba alifungua moja kwa ukoo mzima, yenye nywila moja, kwa sababu watu wetu husahau nywila. Imo kwenye simu ya kila mmoja, hata ya Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ambaye simu yake huishika kama yai. Fundi alinitazama kidogo. Sikuelewa kwa nini.

Shangazi aliporudi aliuliza karata zake ziko wapi. Nikamfafanulia faida za kompyuta rahisi kwa matumizi ya nyumbani. Akasema hiyo si kompyuta, hiyo ni sahani, na kwa kuwa nimeileta mimi basi leo nitalia chakula humo humo. Jina limenata. Sahani.

Jioni tulimpigia Baba kwa video. Uso wake ukaja! Kisha ukaganda: mdomo wazi, jicho moja limefumba. Bibi aliongea na ile picha kwa muda mrefu, juu ya mguu wake, juu ya paa linalovuja, juu ya Shangazi. Ama hakugundua, ama alinionea huruma. Mwishoni akasema picha ni nzuri, ila haishikiki mkono.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Bibi ameamka mchangamfu. Amesema kwa kuwa tuna Sahani, tuandike wasifu wake wa kusomwa mazishini, kwani akiwaachia wanawe watasema alikuwa mpole.

Nikaandika juu kabisa: Wasifu wa Marehemu. Bibi akasema neno hilo linamkaa vizuri. Akaniamuru niandike kwamba aliwaazima watu sufuria maisha yake yote na hakuna iliyorudi na kifuniko chake. Shangazi alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akasema siku yenyewe atasoma yeye, binti wa pekee. Bibi akajibu kuwa Shangazi husoma kama anayegombana na karatasi. Atasoma mjukuu wake. Shangazi akaenda jikoni kuviadhibu vyombo. Nilifurahi. Nimeapa kuandika kila kitu, basi naandika: nilifurahi sana.

Palikuwa na nafasi ya tarehe ya kufariki. Tumefundishwa tusiache mapengo kwenye maandishi. Nikajaza kesho, Ijumaa, ili tu nione mstari unavyokaa. Bibi alipinga. Alisema Ijumaa tunafua mashuka, hana nafasi, nimtafutie siku nyingine. Nikasahau kubadilisha. Nikamtumia mchapaji wa karibu na soko, nikimwomba sampuli moja tu, Bibi achague herufi zinazompendeza.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Yamenikuta.

Mchapaji alijibu alfajiri: poleni sana kwa msiba mzito, kazi ya marehemu imekamilika yote, njooni mchukue. Jibu likaingia kwenye anwani ya ukoo. Simu za ukoo mzima zikalia kwa mpigo. Sasa ndiyo naelewa jinsi fundi alivyonitazama.

Hata chai haijachemka, ua ulikuwa umejaa. Baba Mkubwa alikuja na viti vya kukodi. Wanawake walianza kulia tangu barabarani. Bibi alikuwa ameketi dirishani na kikombe chake, akauliza aliyefariki ni nani. Aliyekuwa mbele akamwona, akaanguka kama gunia.

Bibi alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa vibaya. Kisha akakataza mtu kuondoka kabla hajawatazama mmoja mmoja, ajue nani alikuwa na machozi na nani alijipaka mate. Baba Mkubwa hakucheka. Aliniita mchuro, mtoto wa kuleta nuksi. Shangazi, aliyekwisha kuzichukua karatasi kwa mchapaji, alinipa moja mbele ya watu akasema, haya msomi, si ulitaka kusoma? Soma!

Halafu tukapata habari kwamba Baba ameshapanda basi. Msimamizi amempa siku za msiba wa mama. Shangazi akatoa simu amzuie njiani. Bibi akamwambia airudishe simu mfukoni. Atakayempigia, anamfuta kwenye wasifu.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Baba amefika. Shati jeusi, vumbi mpaka kwenye nyusi, macho yamevimba. Alimkuta Bibi anakunywa uji. Bibi akamwambia amechelewa, watu wameshakula. Baba aliketi sakafuni pale pale mlangoni, akabaki hivyo.

Baadaye alinifuata nilipojificha, nyuma ya tangi la maji. Nilifumba macho nikingoja kofi. Akaweka mkono kichwani pangu akasema tu, mwanangu wewe, mwanangu wewe. Akarudi ndani.

Amemkata Bibi kucha za miguu. Ameziba paa. Sasa amelala kando ya kitanda, Bibi ameuning'iniza mkono, wameshikana. Nimejaribu kujuta, hakuji vizuri.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Baba ameondoka asubuhi. Msimamizi hajui lolote na ni afadhali asijue. Bibi alimwambia safari nyingine asivae nyeusi, haimpendezi. Alimwangalia kwenye njia mpaka akapotea, kisha akasema anataka kulala.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Bibi alifariki jana asubuhi. Nilikuwa nimempelekea uji. Nilidhani ananitania.

Niliandikia ukoo mzima kwa Sahani: Bibi amefariki, kweli. Nafikiri hilo neno kweli ndilo lililoharibu. Baba Mkubwa alijibu kwa vikatuni vya kucheka. Mwingine akauliza safari hii chai ni saa ngapi. Shangazi akawapigia mmoja mmoja, analia, sauti imemkauka, wakamwambia sasa amekuwa mwigizaji hodari.

Baba tulimpata kwa simu akiwa kituo cha basi, katikati ya njia. Akampigia msimamizi. Msimamizi akamjibu kuwa mtu ana mama mmoja, na siku za mama ameshazila. Kesho asipoonekana kazini, asionekane tena. Baba akatuambia tusimngoje. Akakata simu. Akapiga tena, akakata.

Tumemzika leo. Viti tuliazima kwa jirani na vingi vilibaki vitupu. Karatasi za mchapaji zilikuwa na ile tarehe yangu ya Ijumaa. Nilizisahihisha zote kwa kalamu, mstari mmoja mnyoofu kama tulivyofundishwa. Nilisimama kusoma. Nilipofika kwenye sufuria, sauti ikagoma. Shangazi akanipokonya karatasi, akamalizia. Alisoma kama anayegombana nayo. Bibi alisema kweli tupu. Mkono mwingine wa Shangazi ulikuwa umenishika kiuno, haukuniachia mpaka mwisho.

Baba Mkubwa alifika wakati wanasawazisha udongo. Aliuliza kwa ukali mbona hakuna aliyemwambia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Leo siandiki kwenye daftari. Naandika kwenye Sahani, na yote ya nyuma nimeyanakili humu, Baba, ili uyapate huko huko uliko mara tu nitakapomaliza. Ni rahisi mno. Hakuna hata kubonyeza.

Jana ulipiga simu ukauliza kaburi likoje. Nikakueleza. Ukauliza tena kama udongo umesimama au umetitia, na kichwa kimeelekea wapi, na kama kuna kivuli. Nikakueleza. Ukauliza tena udongo. Nikajua simu haitoshi. Inabidi ulione mwenyewe.

Nimepata mpango! Msimamizi wako hutoa ruhusa kwa kifo peke yake. Siku za mama zimekwisha, sawa. Lakini dada unaye! Asubuhi hii nimeanza Wasifu wa Marehemu Shangazi, na unapendeza. Nimeandika kwamba alikuwa mpole, na kwamba alicheza karata vizuri. Makosa ya mwanzo sijayarudia: tarehe nimeiacha wazi hadi uniambie siku inayokufaa. Mchapaji nimeshamtumia, na nimemsisitiza iwe siri yetu. Mtu mwingine hatajua.

Shangazi ananiita kutoka jikoni, jina langu lote pamoja na lako. Simu yake imelia sasa hivi. Na ya jirani aliyekuja kutupa pole, binamu yake Bibi, nayo imelia. Sijui kuna nini tena. Hatua zake nazisikia ukumbini, kwa hiyo nafupisha. Baba, nijibu leo leo, kwa anwani hii hii ya ukoo: kwa kufiwa na dada, wanatoa siku ngapi?