Ngollo Atalala Bila Mgongo

Jumanne, 16 Septemba

Kazi nyepesi kabisa. Zamda amepata pa kuweka cherehani yake sokoni, na mtoto wetu Ngollo amezoea kulala mchana mgongoni kwa mama yake tu. Ukanyage cherehani na mtoto mgongoni? Haiwezekani. Mimi mchana nipo nyumbani, maana mabasi ninayoyapigia debe huondoka alfajiri. Basi kazi ni yangu: Ngollo alale mkekani, mwenyewe.

Mama mkwe ametuma habari kutoka Igunga. Anakuja Jumamosi. Akikuta mjukuu bado analilia mgongo, anaondoka naye mpaka ajue kutembea. Aondoke na Ngollo wangu! Huyu mwenye meno mawili na kicheko cha mtu mzima! Akirudi hatanijua. Thubutu. Mimi nimefika Bujumbura, nimewapandisha basi watu ambao hata safari hawakuwa nayo. Nishindwe na mtoto anayetambaa?

Nesi wa kliniki alisema: mlaze akiwa na usingizi lakini hajalala, kisha mwache. Nikamlaza. Macho yakalegea. Nikamtangazia jirani Sylvester, fundi baiskeli, juu ya ua: Amelala! Ngollo akaamka. Nimemlaumu Sylvester na nyundo yake. Anadai nyundo ameiazimisha tangu jana. Mwongo.

Jumatano, 17 Septemba

Sylvester anajigamba kwamba mwanawe Festo hujilalia kama gunia la karanga. Akanishauri nijaribu kunyamaza. Ushauri wa mtu asiye na sauti! Mimi nikiita stendi, watu wa huku Isevya hufunga mabegi.

Nikamwimbia Ngollo vituo. Nzega, Igunga, Singida, siti za dirishani zipo! Polepole, kwa mapenzi. Akapiga makofi. Mara wakaingia uani kina mama wawili na mizigo, wakauliza gari linatoka saa ngapi. Nikawaelekeza stendi. Ngollo hakulala, lakini wale wamepata usafiri. Siku haikupotea.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimegundua siri. Ni harufu! Nikajifunga kanga ya Zamda, nikajipaka mafuta yake ya nazi, nikajinyoosha kando ya mkeka nimwoneshe mwanafunzi inavyofanywa.

Zamda amerudi akanikuta nakoroma ndani ya kanga yake, Ngollo ananing'oa ndevu mojamoja. "Baba Ngollo," akasema, "nilikwambia ulaze mtoto, wewe umejilaza." Nikamweleza kwamba huo ni ushahidi: dawa inafanya kazi, imekosea mtu tu. Hakucheka. Alizikunja nguo za Ngollo akaziweka kwenye begi.

Nikazitoa. Akazirudisha. Nikatoa kofia peke yake, ile ya sufu, nikaificha chini ya mto wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mkwe amefika. Sasa, kwetu mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe, wala hapazi sauti akiwa karibu. Nikachuchumaa mbali, shikamoo mama, marahaba baba, kisha kinyumenyume hadi nyuma ya nyumba.

Zamda akamlaza Ngollo mkekani chumbani, akatoka. Mama mkwe akaketi sebuleni kusubiri kilio. Mimi nje, dirishani, macho tu.

Macho ya Ngollo yakalegea. Nikafungua mdomo nitangaze. Nikamkumbuka mama mkwe. Nikafunga. Ngollo akanung'unika. Nzega ikanifika kooni kabisa! Nikamkumbuka mama mkwe. Nikaitoa mfukoni ile kofia ya sufu, nikaing'ata. Ngollo akahema, akajigeuza, akaweka shavu kwenye mkeka. Kimya. Amelala! Mwenyewe!

Nikacheza nyuma ya nyumba bila kutoa hata mguno. Sylvester akachungulia juu ya ua, akauliza kama nimeumwa na nge.

Zamda mwenyewe ndiye aliyelifungua begi na kuzirudisha nguo sandukuni. Akaniomba kofia. Nikampa. Ilikuwa imelowa.

Jumapili, 21 Septemba

Ngollo haendi Igunga! Asiyeondoka sasa ni mama mkwe. Amemwambia Zamda atakaa mpaka msimu wa kupanda, kwani akiwapo yeye nyumba hii inapata utulivu. Nimemwelewa. Anataka kujifunza njia yangu, anaona haya kusema.

Nimechunguza sababu za ushindi. Ni vituo! Nilimwimbia Jumatano, vikamwingia taratibu, vikafika Jumamosi. Safari ndefu, mzigo mzito, ndivyo ilivyo. Sylvester anasema ni ule ukimya. Wivu.

Kesho mama mkwe anakwenda sokoni kumsaidia Zamda kushona vifungo. Nimeazima spika ya muuza dawa ya panya. Nimesharekodi vituo vyote, Tabora hadi Dar, pamoja na siti za dirishani. Nitaiweka dirishani kwa Ngollo, nifungulie sauti mpaka mwisho.

Atalala yeye, na Isevya nzima.