Kioo cha Upande wa Mama Mkwe

Jumatano, 5 Machi
Kioo cha upande wa abiria kimegoma kupanda. Jumamosi nampeleka mama mkwe harusini, na wingu limetanda wiki nzima. Mke wangu kampigia simu mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake. Fundi umeme wa magari, kipenzi cha mama mkwe. Eti niangalie nyaya ndani ya mpira, pale kwenye bawaba za mlango, hukatikia hapo. Hata gari hajaliona! Nitaanza kwingine kokote.

Alhamisi, 6 Machi
Fyuzi nzima. Swichi nzima. Nikafungua mlango: skrubu tisa. Nikarudisha saba. Zile mbili hazikuwa na kazi, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Maajabu! Mlango ukiwa wazi, kioo kinapanda. Nikamwita mke wangu aone. Kikapanda, kikashuka, nikafunga mlango kwa madaha. Kikabaki chini. Akauliza kama ule mpira nimeuangalia. Nikamwambia umeme hautaki haraka.
Mbinu mpya: nimekipandisha mlango ukiwa wazi, nikaufunga polepole, nikabandika selotepu juu ya swichi. Asiguse mtu. Kichwa ninacho!

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe hapendi uchafu. Hatujafika hata barabara kuu, kabandua selotepu, akabonyeza ajue ilifunika nini. Hapohapo tukaingia shimoni. Gari likaruka, kioo kikashuka chote. Mvua nayo ikaja. Nikasimama, nikafungua mlango ili kipande. Safari hii wapi! Sasa mvua ikawa inaingia na mlangoni.
Tulifika kilemba kimemlalia masikioni. Mwanyumba akavuta ule mpira mbele ya wageni. Waya mmoja, umekatika. Akauunga, akazungusha tepu. Dakika tano. Mama mkwe akasema atarudi na gari la mwanyumba. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa lilikuwa selotepu: nyembamba mno.
Nimekwenda kumwomba radhi mama mkwe. Kanisamehe, kanikaribisha chai. Akataja kwamba pasi yake haipati moto, na mwanyumba kamwambia kwenye simu kuwa waya umekatika pale unapoingilia kwenye pasi. Kwenye simu! Hata pasi hajaiona.
Nimeshaifungua yote, iko mezani. Waya nitauangalia mwisho.