Kababu Zangu na Kikaango cha Bibi

Jumanne, 17 Desemba

Vita vimetangazwa! Mama mkwe, Ingegerd, ametamka mbele ya ukoo mzima: ambaye sahani yake ya kababu itakwisha kwanza mkesha wa Krismasi, ndiye atakayerithi kikaango cha chuma cha marehemu bibi. Miaka kumi na miwili sasa shemeji yangu Torkel anasifiwa kwa kababu zake ndogo kama gololi. Mwaka huu atakiona cha mtema kuni. Naenda kuiba siri kwa majirani zetu sisi Wasweden: Norwe na Denmaki. Mke wangu Majken nimemwambia naenda kuvua samaki. Akauliza mbona nimeacha fimbo ya kuvulia. Nikajifanya sikusikia.

Alhamisi, 19 Desemba. Hamar, Norwe

Za hapa ni kubwa, bapa, zimezama kwenye mchuzi wa kahawia. Mpishi Oddvar kanikamata nikinusa sufuria yake. Akasema Wasweden tunatengeneza kababu ndogo kwa sababu ya uchoyo. Nimemeza tusi pamoja na kababu tatu. Siri yake: tangawizi na kungumanga.

Ijumaa, 20 Desemba. Helsingør, Denmaki

Nimempata Bi Bodil, mjane, bingwa wa kababu mtaani kwake. Nikajitia mpweke nisiye na ndugu. Akanihurumia, akanialika kesho, frokost. Kwetu frukost ni kifungua kinywa. Kumbe watu hawa wanakula kababu asubuhi! Nawaheshimu kidogo sasa.

Jumamosi, 21 Desemba

Saa moja kamili nikabisha hodi. Giza bado. Bi Bodil katoka na gauni la kulalia, fagio mkononi.

"Mwanangu, frokost kwetu ni chakula cha mchana," akasema. "Ila umeshafika. Viazi vile pale."

Nimemenya viazi hadi saa sita. Vidole vimekufa ganzi. Lakini siri ninayo: maji ya gesi kwenye nyama, na kufinyanga kwa kijiko.

Jumanne, 24 Desemba

Nimechanganya yote, ya Norwe, ya Denmaki na ya kwetu. Yametoka mabonge kumi na manne yasiyo na umbo. Karibu nilie.

Kila sahani ina karatasi ya jina. Saa tisa alasiri, wote wameganda mbele ya televisheni kama kila mkesha, nikanyata jikoni. Nikabadilisha karatasi. Gololi za Torkel zikawa zangu, mabonge yangu yakawa yake.

Mezani mama mkwe akaonja bonge. Akachukua la pili, machozi yakimlengalenga. Akasema usichanani mwake alifanya kazi Helsingør, na ladha hii hajaionja miaka sitini. Basi wote wakayavamia! Gololi zikabaki zinanitazama.

"Torkel, mwanangu, kikaango ni chako," akasema. "Hebu niambie, siri hii umeitoa wapi?"

Torkel akaitazama sahani, akanitazama mimi. Akajibu kwamba ni kipaji tu.

Jumatano, 25 Desemba

Majken anasema jana alinichungulia mlangoni. Anasema ningeacha karatasi zilipokuwa, kikaango kingekuwa kwetu leo. Maskini, haelewi mbinu za vita. Kosa langu nimelijua: nilibadilisha mara moja tu. Mwakani nitabadilisha mara mbili.

Mama mkwe bado hajagawa sufuria yake kubwa. Nimeshauliza meli ya kwenda Finland. Safari hii nitabeba fimbo ya kuvulia.